Bati lililo chini ya rangi: kwa nini Ferrari mbili zinazofanana haziuzwi bei moja

Magari mawili aina ya Ferrari 275 GTB yanaweza kuegeshwa ubavu kwa ubavu mnadani, yote mekundu, yote ya mwaka 1966, na bado bei zake zikaachana kwa mamia ya maelfu ya dola. Ukisimama mita tatu huoni tofauti yoyote. Tofauti iko chini ya rangi, iko kwenye karatasi za kiwandani, na iko kwenye maungio ambayo wanunuzi wengi hawainami kuyatazama.

Kanuni inayotawala bei hizi ni moja, na yote yanayofuata hapa yanaizunguka: nyongeza ya kiwandani ina thamani pale tu ilipozaliwa na gari. Iliyofungwa miaka ishirini baadaye ni kazi ya fundi, hata ikiwa nzuri kiasi gani, na soko hulipa kazi ya fundi kwa bei ya kazi ya fundi.

275 GTB inafaa kuwa mfano kwa sababu mteja wake alipewa nafasi kubwa ya kuchagua. Ilizinduliwa kwenye maonyesho ya Paris mwezi Oktoba 1964. Umbo lilichorwa na Pininfarina, kampuni ya usanifu wa magari ya Italia, bodi zikagongwa kwenye karakana ya Scaglietti mjini Modena, halafu zikapelekwa kiwandani kwa Ferrari, Maranello, kufungwa mitambo: injini ya V12 ya lita 3.3 mbele, na gia boksi nyuma ikiwa kitu kimoja na difu. Bodi ya kawaida ilikuwa ya chuma, isipokuwa milango, boneti na mfuniko wa buti ambavyo vilikuwa vya alumini. Aliyekuwa tayari kulipa zaidi aliweza kuagiza bodi nzima ya alumini. Aliweza pia kuagiza kabureta sita badala ya tatu, rimu za spoku za Borrani badala ya zile za kuyeyushwa za Campagnolo, na mdomo wa tangi la mafuta uliotokeza nje kama wa gari la mashindano. Juu ya hayo, pua ya gari ilirefushwa mwishoni mwa 1965, kwa hiyo zipo za pua fupi na za pua ndefu. Gari la alumini, la pua ndefu, lenye kabureta sita, ndilo wakusanyaji wanalolisaka kuliko mengine ya aina hii yenye kemshafti mbili (kemshafti ni mhimili unaofungua vali za injini).

Alumini inabadilisha nini

Bati la chuma lenye unene wa milimita 1 lina uzito wa karibu kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba. Bati la alumini lenye unene wa milimita 1.2 lina karibu kilo 3.2. Zidisha tofauti hiyo kwa paa, madigadi manne, pua na mkia, utaona kwa nini mteja aliyekuwa na nia ya kushindana wikendi alikubali kulipia. Hili linaeleza thamani kuliko uchache peke yake. Zipo nyongeza zilizokuwa chache ambazo leo haziongezi chochote cha maana, kwa mfano aina fulani ya redio. Alumini ilibadilisha namna gari linavyoendeshwa na ilimhusisha mnunuzi wake na mashindano, ndiyo maana bei yake imeshika.

Usichanganye gari hili na 275 GTB/C ya mwaka 1966. Hizo zilijengwa 12 tu, kwa alumini nyembamba zaidi, mahsusi kwa mashindano. Hilo ni soko jingine kabisa.

Sasa upimaji. Kosa la kwanza la mnunuzi mgeni ni kuweka sumaku kwenye mlango au boneti, kuona haishiki, akafurahi. Kwenye 275 GTB yoyote, ya chuma au ya alumini, sumaku haitashika ngozi ya mlango, kwa sababu milango yote ilikuwa ya alumini. Pima kwenye paa, juu ya madigadi ya mbele, kwenye mabega ya nyuma pembeni mwa kioo, na chini ya milango. Tumia sumaku nyepesi iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze. Ikishika hapo, bodi ni ya chuma. Ikishika kwa ulegevu sehemu moja na kwa nguvu pembeni yake, kuna puti nene katikati. Isiposhika kabisa mahali pamoja huku pembeni inashika, ama puti ni nene mno, ama kuna kiraka cha alumini au faiba.

Sumaku isiposhika popote, kazi bado. Umejua kuwa gari lina ngozi ya alumini leo. Hujajua kama lilikuwa nayo lilipotoka Modena. Magari ya chuma yaliyogongwa au kuliwa na kutu yamewahi kuvishwa alumini wakati wa matengenezo, mara nyingine kwa nia njema, mara nyingine kwa sababu mwenyewe aliona pengo la bei.

Jibu liko kwenye maungio. Chuma huchomelewa kwenye chuma, kwa hiyo bodi ya chuma iliungwa moja kwa moja na mabomba na vibati vya fremu. Alumini haichomelewi kwenye chuma. Inabidi ikunjwe kuzunguka ukingo wa chuma na kubanwa, au ipigwe ribiti. Fungua mlango utazame ukingo wa tundu lake, hasa chini ambako ngozi inaishia. Ingia chini ya matao ya magurudumu ukiwa na taa kali na kioo kidogo cha mkononi. Tazama ndani ya buti nyuma ya zulia, na pale taa za nyuma zinapoingia. Kwenye gari lililozaliwa na alumini, mkunjo unaendelea kwa mtindo mmoja na fremu chini yake haina makovu. Kwenye lililobadilishwa, mara nyingi utakuta alama za grainda kwenye fremu, vipande vyembamba vya bati la zamani la chuma vilivyobaki vimechomelewa, au ribiti za kisasa zenye kichwa kisichofanana na nyingine.

Kuna jambo ambalo mafundi wazuri hulipuuza kwa sababu ya uzuri wa kazi yao. Bodi hizi ziligongwa kwa nyundo, na upande wa kushoto haukuwahi kulingana sawasawa na wa kulia. Tofauti ya milimita kadhaa kati ya tao moja na jingine ni jambo la kawaida. Gari ambalo pande zake mbili zinalingana kama zimetoka kwenye mashine, na nafasi kati ya mlango na digadi ni milimita 4 juu, katikati na chini, limetengenezwa upya. Si lazima iwe kasoro ya kulikataa, lakini ni habari, na mwuzaji anapaswa kuwa na picha za kazi hiyo.

Mahali alumini inapokufa

Ndoa ya alumini na chuma ina tatizo lake. Metali hizi mbili zikigusana na maji yenye chumvi yakaingia katikati, mkondo mdogo wa umeme hupita na alumini ndiyo inayoliwa. Hakuna kutu jekundu la kukuonya. Utaona rangi imeinuka kwa vipele vidogo kwenye ukingo wa chini wa mlango, kwenye kona za boneti, na kuzunguka ribiti. Ukikwangua kipele unakuta unga mweupe. Wakati unga umeonekana nje, mkunjo wa ndani mara nyingi umeshakuwa mwembamba kama karatasi.

Kutengeneza kwake kuna utaratibu, na kila hatua iliyorukwa hurudi kama vipele vipya. Ngozi hufunguliwa kwenye mkunjo, chuma cha ndani husafishwa hadi king'ae, hupigwa praima ya epoksi, halafu huwekwa utepe au mpira wa kutenganisha kabla ya kukunja tena. Ukingo uliokwisha kuliwa hukatwa na kuungwa kipande kipya.

Hapo kwenye kuunga ndipo fundi aliyezoea chuma anapoharibu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini utando wa oksidi juu yake hauyeyuki hadi kupita nyuzi 2,000. Bila kuuondoa utando, unatoboa bati kabla ya kuliunga. Wazee wa Modena walichomea kwa gesi wakitumia dawa ya kuyeyusha oksidi. Mshono wa gesi hubaki laini, unaweza kugongwa ukalala sawa na bati. Dawa hiyo ikibaki hata kidogo inaendelea kula alumini miaka mingi baada ya rangi kukauka, kwa hiyo mshono husuguliwa kwa maji ya moto na brashi, pande zote mbili. Kuchomea kwa umeme na gesi ya argoni ni kusafi zaidi, ila mshono wake huwa mgumu na hupasuka pembeni ukigongwa ovyo.

Alumini iliyogongwa sana hukakamaa. Ili irudi kuwa laini, fundi huipaka sabuni ya kawaida, kisha huipasha moto kwa mwali mpana unaotembea. Sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea, anaondoa moto mara moja. Alumini haibadilishi rangi inapokaribia kuyeyuka kama chuma kinavyofanya, kwa hiyo sabuni ndiyo kipimajoto chake. Akichelewa, bati linaanguka mikononi mwake likiwa na tundu.

Makosa mengine matatu yanatosha kuua bodi ya thamani. La kwanza ni kuitumbukiza kwenye tangi la soda kali la kuondolea rangi: soda hiyo huyeyusha alumini yenyewe, na gari lina milango ya alumini hata kama bodi ni ya chuma. La pili ni kupiga mchanga. Chembe za mchanga hutanua uso wa bati jembamba, nalo hubaki linabonyea na kuruka kama mfuniko wa kopo. Tumia dawa ya kupaka ya kuondolea rangi na kikwangulio cha plastiki, ujipe muda. La tatu ni kutumia diski ya msasa au brashi iliyokwisha kufanya kazi kwenye chuma. Chembe za chuma hujichomeka ndani ya alumini, na baada ya misimu michache ya unyevu kila chembe inazaa kipele chake. Puti nayo haishiki vizuri kwenye alumini tupu. Epoksi kwanza, puti juu yake, na isizidi milimita 2 au 3.

Kwa kupima unene wa rangi, hakikisha kipimo chako kinasoma metali zisizoshika sumaku. Vile vya bei ndogo husoma chuma peke yake. Pima kila baada ya sentimita kumi na uandike namba kwenye mchoro wa gari. Usitafute namba ndogo kila mahali, maana bodi hizi zilipigwa puti hata zikiwa mpya. Tafuta mruko: eneo linalosoma mikroni 250 (mikroni 1,000 ni milimita moja), halafu ghafla 1,800. Hapo gari liligongwa.

Kabureta, pua na namba

Kabureta za Weber zilizotumika zina midomo miwili kila moja. Tatu zinatoa midomo sita, kwa hiyo kila mdomo unalisha silinda mbili. Sita zinatoa midomo kumi na miwili, mmoja kwa kila silinda. Injini hupumua vizuri zaidi kwenye mizunguko ya juu, na inadai fundi mwenye sikio la kuzilinganisha. Shida ni kwamba manifoldi (bomba linalounganisha kabureta na injini) na kabureta sita vinaweza kufungwa kwenye injini iliyozaliwa na tatu kwa siku chache tu za kazi, na magari mengi yamefanyiwa hivyo. Gari hilo litaenda vizuri. Bei yake haipaswi kuwa ya gari lililoandikwa kabureta sita kwenye karatasi ya kiwandani.

Pua ndefu ililetwa kupunguza tabia ya gari kuinuka mbele kwenye mwendo mkubwa. Iliambatana na mabadiliko nyuma: kioo cha nyuma kikawa kikubwa zaidi, na bawaba za buti zikahamishiwa nje ili kupata nafasi ya mizigo. Kwa hiyo ukikuta pua ndefu pamoja na bawaba za ndani na kioo kidogo, uliza maswali. Ajali ya mbele iliyotengenezwa kwa pua ya mtindo mpya ni maelezo yanayowezekana kabisa, na si aibu kama imeandikwa. Ikifichwa, ni udanganyifu.

Kisha namba. Namba ya shasi imegongwa kwenye fremu, na injini ya 275 GTB ina namba hiyo hiyo. Mbali na hiyo kuna namba ya ndani ya kiwanda, iliyogongwa kwenye injini na kwenye gia boksi kila kimoja na yake, na kumbukumbu za Ferrari zinaonyesha ipi ilifungwa kwenye gari lipi. Mtu anaweza kusaga namba ya injini na kugonga nyingine, lakini mara nyingi husahau namba ya ndani. Scaglietti nao waligonga namba yao ya bodi kwenye vibati vya ndani vya milango, boneti na buti, ili vipande vilivyorekebishwa kwa mkono visichanganywe na vya gari jingine. Ikiwa mlango wa kulia una namba tofauti na boneti, mojawapo imetoka kwingine. Idara ya Ferrari Classiche hutoa cheti cha uhalisi kwa kulinganisha gari na kumbukumbu za kiwanda, na cheti hicho kina uzito mnadani. Hata hivyo soma tarehe yake: kinaeleza gari lilivyokuwa siku lilipokaguliwa.

Ndugu zake, kwa ufupi

Kwenye Dino 246, gari dogo la Ferrari, mambo ni tofauti. Bodi ni ya chuma na kutu ndiyo adui: chini ya milango, kwenye maboksi marefu yaliyo chini yake, matao, na sakafu ya buti. Nyongeza inayotafutwa ni viti vya mtindo wa Daytona (Ferrari inayoelezwa hapa chini) pamoja na matao yaliyopanuliwa, yaliyoenda na rimu za Campagnolo za upana wa inchi 7.5 badala ya Cromodora za inchi 6.5. Viti vinanunulika, rimu zinanunulika, na matao yanakatwa na kupanuliwa. Pitisha kidole kwenye mdomo wa ndani wa tao. Mshono mnene au puti upande wa ndani unakuambia kuwa hayakupanuliwa Modena. Jambo dogo la kukumbuka: namba za shasi za Dino ni shufwa, wakati Ferrari za barabarani za wakati huo zina namba witiri.

308 GTB za mwanzo, tangu 1975 hadi 1977, zina bodi ya faiba. Baadaye ikawa chuma. Hapa faiba ndiyo inayolipiwa zaidi leo, kwa sababu ni nyepesi, haioti kutu, na ilidumu muda mfupi. Angalia nyufa nyembamba kama nywele kuzunguka bawaba na kona za taa. Za juu juu ni za rangi. Zinazorudi baada ya kupiga rangi zimetoka kwenye faiba yenyewe. Toleo la GTS lenye paa la kutoa lilikuja bodi ya chuma ikiwa imeshaanza.

Daytona, yaani 365 GTB/4, ilianza na taa zilizo nyuma ya ukanda wa plastiki angavu mbele, kisha taa za kuinuka zikachukua nafasi kuanzia 1971. Ya ukanda wa plastiki hupendwa zaidi, na zipo zilizogeuzwa kurudi huko. Mfano bora wa nguvu ya alumini ulikuwa Septemba 2017, Maranello: Daytona ya barabarani yenye bodi ya alumini, ya 1969, iliyokaa ghalani Japani kwa miongo mingi, iliuzwa ikiwa na vumbi lake lote kwa zaidi ya euro milioni 1.8. Hakuna aliyeigusa kwa msasa, na hilo lilisaidia bei, kwa sababu maungio yake yote yalisomeka.

Kukata paa ni sura nyingine. 275 GTB/4 (toleo la baadaye lenye kemshafti nne) za wazi za N.A.R.T., timu ya mashindano ya Luigi Chinetti, mwagizaji wa Ferrari Marekani aliyeziagiza, zilijengwa 10 tu, na moja iliuzwa dola milioni 27.5 mwaka 2013. Haishangazi kwamba wengine walikata paa za magari yao ili yafanane nazo. 275 GTB/4 iliyowahi kuwa ya mwigizaji Steve McQueen ilikatwa hivyo na mmiliki wa baadaye, kisha ikarudishiwa paa na Ferrari Classiche, ikauzwa dola milioni 10.175 mwaka 2014. Jina la McQueen ndilo lililobeba sehemu kubwa ya bei hiyo. Gari lisilo na jina kama hilo, likikatwa, hupoteza fedha nyingi, na kurudisha paa kwa usahihi hugharimu fedha nyingine.

Kwa msomaji wa ukanda wetu, tatizo la alumini na chuma linahusu zaidi ya Ferrari. Alfa Romeo GTA ya 1965 ilivishwa ngozi ya alumini juu ya umbo la chuma kwa ribiti, na mapenzi ya Alfa yana mizizi Nairobi, ambako klabu ya wamiliki wake ndiyo inayoandaa Africa Concours d'Elegance, mashindano ya unadhifu wa magari, pale Ngong Racecourse. Gari la namna hii likikaa Nairobi linaishi kwenye hewa ya kuvumilika. Likishushwa Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, chumvi ya bahari inaanza kazi wiki ile ile. Lioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa mikunjo ya chini na ndani ya matao. Zibua vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya milango kwa waya wa plastiki, usitumie bisibisi, kisha acha milango wazi hadi ndani pakauke kabisa kabla ya kulifunika, na turubai liwe la kitambaa kinachopitisha hewa.